Unatafuta kazi mu telefone? Usiache karatasi zako zitangulie

Ujumbe uliingia mu kikundi cha WhatsApp cha sendika yetu siku ya lundi asubuhi, mu saizoni ya mvua ya mwaka uliopita. Juu kulikuwa alama ya sosiete moja kubwa ya madini ya hapa Kolwezi. Chini yake maandiko: wanatafuta watu 150, mashofere wa kamiyo za benne, masuderi, maelektrisie, wasaidizi wa jeoloji. "Recrutement urgent." Mwisho wa ujumbe, linki moja ya bluu ya kujaza formulere.

Niliusoma mara moja tu. Sikuuliza nani aliuandika. Nilifikiri juu ya vijana wenye kukaa bila kazi ku Manika na ku Dilala, wenye kuniuliza kila siku: "Papa delege, hakuna kitu?" Nikautuma mu vikundi vingine vitatu. Mimi njo niliutuma. Ninaanza na neno hilo, sababu habari hii haitasaidia mtu kama ninaficha pahali ilianzia.

Mtoto wa dada yangu aliuona. Yuko na miaka 26, alisoma umeme, bibi yake alikuwa na mimba ya miezi nane. Aliniuliza paka swali moja: "Noko, ni wewe ulituma?" Nikasema ndiyo. Kwake ilitosha. Kama noko wake, delege wa sendika, ametuma, basi ni kweli.

Formulere iliomba jina, masomo, na miaka ya kazi. Hiyo ni kawaida. Kisha ikaendelea: foto ya karte ya elekta, mbele na nyuma. Foto yake mwenyewe akishika ile karte pembeni ya uso. Nimero yenye iko na mobile money. Jina la bibi na la watoto. Majina na nimero za watu watatu wa ukoo, "kwa kuthibitisha". Kabila. Dini. Na kama yuko mu sendika. Alijaza yote. Aliniambia kisha: "Noko, niliona ni mingi, lakini niliwaza sosiete kubwa njo vile zinafanyaka."

Siku mbili zikapita, wakamwita. Sauti ya mwanamke, Kifaransa kizuri. "Félicitations, jina lako iko mu liste. Utapokea kode ya dossier kwa SMS, ututumie mbio." Kode ya chifre sita ikaingia, akaituma. Haikuwa kode ya dossier. Ilikuwa kode ya WhatsApp yake. Dakika kidogo tu, WhatsApp ikafungwa mu mikono yake, na marafiki wake wakaanza kupata ujumbe kwa jina lake na foto yake: "Niko na shida kidogo, nitumie dola 50, kesho nitarudisha."

Siku ya vendredi magaribi, rezo ikapotea mu telefone yake. Alifikiri ni mvua. Samedi asubuhi tulienda pamoja ku ajansi ya telefone. Wakatuambia mwenye nimero alifika jana na kopi ya karte ya elekta, akasema telefone ilipotea, akapewa SIM mpya. Mu mobile money kulikuwa dola 180, feza ya kuzalisha bibi yake. Hazikuwemo tena. Tukajiuliza: walipata wapi kode ya siri? Kijana akanyamaza, kisha akasema: "Ni mwaka wenye nilizaliwa." Na mwaka ule umeandikwa juu ya karte yenye aliwatumia.

Lakini kitu chenye kiliniumiza zaidi kilikuwa bado. Siku ya dimanche, dada yangu aliniita kutoka Likasi, analia.

"Mudogo yangu, mutoto iko namna gani? Operasyo iliisha?"

"Operasyo gani, yaya?"

"Baliniita asubuhi. Banasema alianguka ku mine, banaomba dola 60 mbio-mbio. Balitaja jina ya bibi yake, na ya mutoto ya kwanza. Nilituma."

Mtoto alikuwa mbele yangu, anakula bukari. Nilimpa telefone wasikilizane. Dola 60 ile dada alikuwa ameitoa mu likelemba yao ya soko. Yeye njo alikuwa anaitunza kwa ajili ya wamama wenzake.

Nimekuwa mu sendika miaka mingi. Nimezoea kupigania mshahara, gumbuti za kazi, maski ya vumbi. Sikujua kama jina na karatasi ya mtu ni kitu cha kulinda sawasawa na mapafu yake. Leo najua, na njo sababu ninaandika.

Zamani kulikuwa mlango

Baba yangu aliingia Gécamines kwa mlango wenye zamu. Alienda na karatasi zake mu mfuko, akazipatia mtu mwenye alikaa nyuma ya meza. Alimuona uso, alijua biro yake iko wapi. Kama karatasi ingepotea, angejua kwa nani pa kuuliza.

Mu miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka Gécamines mu operesheni yenye iliitwa "départs volontaires", kwa feza ya Banque mondiale. Baba alikuwa mmoja wao. Mlango ule, watoto wa wafanyakazi hawakuukuta tena. Kisha sosiete mpya zikaja, na kuzunguka kila moja zikaota kampuni nyingi za sous-traitance. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 ilisema kazi za sous-traitance ni za kampuni zenye mitaji ya Wakongomani. Ni jambo zuri, mimi mwenyewe ninalitetea. Lakini kwa kijana mwenye kutafuta kazi, matokeo ni kwamba majina ya kampuni ni mengi, mapya kila mwezi, na jina lenye haulijui halikushangazi tena.

Njo pale wezi wanaingilia. Wanachukua alama ya sosiete kubwa, wanaitunga na jina la kampuni ndogo yenye hakuna mtu anajua, wanaweka linki. Mu telefone hakuna zamu, hakuna meza, hakuna uso. Uko wewe na njaa yako ya kazi, na ile linki ya bluu.

Karte ya elekta inasema mengi

Mu inchi yetu, watu wengi hawana kitambulisho kingine. Kwa miaka mingi, karte ya elekta yenye CENI inatoa njo imekuwa kitambulisho chetu ku banki, ku barabara, ku ajansi ya telefone. Kwa hiyo mtu mwenye kuishika, hata kwa foto tu, ameshika mlango wa nyumba yako.

Itoe mu mfuko uisome polepole. Utakuta jina lako lote, tarehe na pahali ulizaliwa, jina la baba na la mama, asili yako, adrese, foto. Sasa jiulize: mtu mwenye kutafuta elektrisie anahitaji nini mu hayo yote, siku ya kwanza? Anahitaji kujua kama unajua umeme. Basi.

Neno "asili" linaomba tusimame kidogo. Sisi wa Katanga ya zamani hatuhitaji kufundishwa kitu kinaweza kufanyika watu wakipangwa kwa kijiji cha baba zao. Wenye umri wangu tunakumbuka 1992 na 1993, majirani na wenzetu wa shule wakikaa ku gare na mizigo yao. Formulere ya kazi yenye kuuliza kabila, hata kama ni ya kampuni ya kweli, iko inauliza kitu chenye hakina haki ya kuuliza. Katiba yetu, artikle 36, inasema hakuna mtu atakayeonewa mu kazi yake sababu ya asili yake, kuwa mwanaume ao mwanamke, mawazo yake, imani yake ao hali yake ya maisha. Swali la sendika vilevile: Code du travail inakataza mwajiri kupima mtu kwa sababu yuko mu sendika ao hayuko. Ukikuta maswali hayo, acha pahali pale patupu. Kama formulere haikubali kuendelea bila kuyajibu, ujue wewe sasa njo unachunguzwa, si kazi yako.

Na karatasi inaweza kwenda kufanya kazi bila wewe. Niliona hivi mu kazi yangu ya delege. Masuderi mmoja wa kampuni ya sous-traitance aliumia mkono. Tulipoanza kufuata haki yake, tukakuta jina lenye kuandikwa ku kazi si lake. Aliingia kwa diplome na karte ya mtu mwingine, alizinunua kwa mtu wa kati. Hakuweza kudai kitu bila kukubali udanganyifu. Na mwenye jina la kweli, kijana wa Likasi, alikuwa bado anatembea na CV yake kutafuta kazi, hajui kama mu karatasi za watu yeye ni mfanyakazi tayari, na tena ameumia mkono.

Kazi ijue kwanza mikono yako

Kuna wenye watasema: "Delege, tukificha karatasi hatutapata kazi." Ni neno la kweli. Sisemi tufiche. Ninasema tutoe kwa zamu yake, kama vile mtu hamuingizi mgeni mu chumba cha kulala mbele ya kumsalimu.

Mara ya kwanza, unatuma CV na barua. Weka jina, mji na komine, nimero moja ya telefone, imeli, masomo, kazi ulizofanya, vyombo unavyojua kutumia. Hapo mwajiri anaona mikono yako. Usiandike nimero ya karte ya elekta. Usiandike jina la baba na mama, bibi, watoto, wala nimero ya nyumba. Watu wa kukushuhudia, andika "watapatikana tukionana", uwaulize wenyewe kwanza kama wanakubali nimero zao zitoke. Dada yangu hakuulizwa.

Mara ya pili, wamekuita kwa mazungumzo ao tesiti. Unakwenda na diplome na vyeti vya kazi mu mfuko. Unaonyesha, unarudi navyo. Kama wanaomba fotokopi ya diplome, toa fotokopi.

Mara ya tatu ni siku ya kontra. Hapo njo karte ya elekta inatoka. Hapo njo mwajiri ana sababu ya kuomba majina ya bibi na watoto, kwa matunzo ya hospitali na allocations familiales. Hapo njo anahitaji nimero yako ya CNSS kama uko nayo, na nimero ya konti ya kulipia mshahara. Mbele ya kontra, hakuna mtu mwenye kuhitaji kujua watoto wako wanaitwa nani.

Na ukitoa fotokopi ya karte, chukua biki. Andika juu ya ile fotokopi, mistari ikipita juu ya maandiko bila kufunika jina: "Kwa kuomba kazi ku kampuni fulani, tarehe fulani." Kama wanataka foto kwa telefone, piga foto ya ile fotokopi yenye umeandika, si ya karte yenyewe. Mwizi akiipeleka ku ajansi, maneno yako yatasema pale badala yako. Lakini foto yako na karte pembeni ya uso, usimtumie mtu wa kazi mwenye hujamuona. Hiyo inamsaidia mtu kujifanya wewe.

Kode ya chifre sita yenye kuingia kwa SMS haiombwi na mwajiri hata siku moja. Hakuna "kode ya dossier". Kode ni ufunguo wa WhatsApp yako, wa imeli yako ao wa feza yako. Mwenye kuiomba ni mwizi, hata akiongea Kifaransa cha Kinshasa.

Kabla ya kubonyeza linki

Angalia adrese yenyewe, si alama yenye kuwa juu. Alama inanakiliwa kwa sekunde moja. Mu adrese, tafuta mkwaju wa kwanza kisha https://, na usome neno lenye kuwa mbele yake karibu kabisa, pembeni ya .com ao .cd. Lile njo jina la mwenye nyumba. Jina la sosiete likiwa mwanzoni, lakini karibu na mkwaju kuna jina lingine, uko ku nyumba ya mtu mwingine.

Imeli ya Gmail peke yake si ushahidi wa wizi. Kampuni ndogo nyingi za hapa kwetu zinatumia Gmail, hata za kweli. Lakini sosiete yenye kuchimba shaba kwa maelfu ya tani haiwezi kukosa imeli yenye jina lake. Wakisema wao ni sosiete kubwa na wanaandika kwa Gmail, simama.

Kampuni ya sous-traitance, uliza jina lake kamili na nimero yake ya RCCM, ile ya rejista ya biashara. Kampuni ya kweli inaiweka ku karatasi zake zote bila haya. Uliza biro iko avenue gani. Kisha tembea ukaone, ao umtume ndugu. Uliza delege wa sendika wa ile sosiete kama anaijua ile kampuni, si kama "anasikia" tu. Pita ku ONEM, njo ofisi ya serikali ya mambo ya kazi, ukaulize kama tangazo linajulikana.

Na feza. Wataiita kwa majina mengi: feza ya dossier, ya bage, ya visite médicale, ya gumbuti, ya "kumushukuru mukubwa". Mkataba namba 181 wa Shirika la Kimataifa la Kazi, BIT, wa mwaka 1997, unasema ajansi za binafsi za kutafutia watu kazi zisimtoze mfanyakazi kitu, moja kwa moja ao kwa njia ya kuzunguka. Mkataba ule ule unasema habari zenye ajansi zinakusanya juu ya mfanyakazi ziwe za ujuzi wake, uzoefu wake na mambo yenye kuhusu kazi yenyewe. Angalia namna mambo haya mawili yanatembea pamoja. Mwenye kukuomba feza, mara nyingi alikwisha kukuomba habari zenye hazimuhusu.

Secrétariat public na siber

Mwizi si lazima akae mbali. Wengi wetu hatuna kompyuta. Tunaenda ku secrétariat public, kijana anatuandikia CV, anaskani diplome, anaprinti. Ni kazi ya heshima. Lakini kompyuta ile inabaki na kila kitu. Siku moja nilifungua na kijana mmoja kompyuta ya pahali pa kuprinti, tukakuta juu ya ekra makumi ya majina: CV ya huyu, karte ya elekta ya yule, akti ya ndoa ya mwingine. Mtu yeyote mwenye kuja na kile USB angeweza kubeba.

Kwa hiyo, ukiwa pale, fanya hivi. Kama unatuma karatasi kwa WhatsApp ya secrétariat, ubaki mpaka waprinti, kisha muombe kwa upole afute mbele yako, na ku kompyuta na ku WhatsApp, na mu corbeille pia. Mlipe mia mbili za juu kama inafaa, haitakufilisisha. Ku siber, ukifungua imeli yako, usikubali kompyuta itunze neno lako la siri. Ukimaliza, ufunge imeli yenyewe. Kufunga dirisha tu hakutoshi.

Na fungua imeli moja ya kutafutia kazi tu. Kama unaweza, uwe na nimero moja ya kazi, yenye haina mobile money. Siku ile imeli ao ile nimero inaharibika, maisha yako mengine yanabaki salama.

Sheria inasema nini

Watu wengi wanafikiri inchi yetu haina sheria juu ya mambo haya. Iko. Katiba, artikle 31, inalinda maisha ya siri ya kila mtu na siri ya barua na mawasiliano yake. Na tarehe 13 Machi 2023 ilitoka Ordonnance-loi namba 23/010, yenye kuitwa Code du numérique. Iko na sehemu nzima ya habari za mtu binafsi. Mwenye kukusanya habari zako anapaswa kukuambia kwa sababu gani anazikusanya, na wewe una haki ya kuziona, kuzirekebisha na kuomba zifutwe.

Hii inahusu pia kampuni za kweli. Mwajiri mwenye hakukupatia kazi hana sababu ya kutunza karte yako mu kompyuta miaka mitano. Umekatazwa kazi? Andika mstari mmoja: "Ninaomba mfute karatasi zangu." Sisi ma-delege pia tuanze kuuliza mu mikutano na wakubwa: zile CV za vijana 2 000 zenye mlipokea, ziko wapi sasa, nani anazishika, na mtazifuta lini?

Kama ulishatuma

Usikae na haya. Haya njo inasaidia mwizi. Kijana wetu alikaa siku mbili bila kusema kitu, na mu siku zile mbili wakamfikia mama yake.

Anza na feza: badilisha kode ya siri ya mobile money leo, na isiwe mwaka wa kuzaliwa, wa kuoa, wala wa mtoto. Fika ku ajansi ya telefone wewe mwenyewe na karte yako, uwaambie kopi yako iko mikononi mwa watu, wasibadilishe SIM bila kukuona. Rezo ikipotea bila sababu na majirani wako nayo, usingoje asubuhi. Omba telefone ya mwingine uwaite.

WhatsApp ikiibwa, iweke upya na nimero yako, uingize kode mpya yenye itakuja kwa SMS. Mwizi atatoka. Kama aliweka kode yake ya siri ya pili, utangoja siku 7, kisha utaingia. Kwa wenye hawajaibwa, fanyeni leo: Paramètres, Compte, Vérification en deux étapes. Weka chifre sita zako. Inachukua dakika moja.

Kisha ambia watu wako wote, na kwanza wazazi wenye kukaa mbali: "Mtu akiwaita kusema niko ku hospitali, mniite mimi, ao bibi yangu, mbele ya kutuma." Sisi mu ukoo tulichagua neno moja la kuuliza, lenye mgeni hawezi kulijua. Mwishoni, funga safari ku polisi ao ku parquet, upeleke plainte, utunze kopi. Hata kama feza hairudi, ile kopi itasaidia siku jina lako litatokea pahali hukuliweka.

Tulifanya hayo yote tukiwa tumechelewa. Nimero ilirudi. WhatsApp ilirudi. Dola 180 hazikurudi. Mtoto alizaliwa kwa deni, msichana, mzima. Likelemba ya dada, niliilipa mimi mu miezi mitatu, na nilifika Likasi mwenyewe kuwaambia wale wamama kama kosa lilitoka kwangu.

Mu sendika tuliweka sharti moja: hakuna tangazo la kazi linapita mu kikundi kama mtu mwenye kulituma hajaandika chini yake jina lake, na nani alimuuliza, na siku gani. Mwanzo watu walinung'unika. Sasa matangazo yamepungua sana, lakini yale yenye kupita yako na uso nyuma yake.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alipata kontra ya miezi sita, kampuni ndogo ya umeme. Siku ya kusaini, nilimsindikiza mpaka ku lango, zamu akanizuia, nikabaki barabarani. Aliniambia kisha kama mtu wa biro alimuomba fotokopi ya karte. Aliomba biki, akaandika juu yake kazi ya ile fotokopi na tarehe. Yule mtu akamuangalia, akauliza: "Nani alikufundisha?"

"Noko yangu," akajibu. "Na ilitulipisha."